Saa ya Msikitini Isikimbie Wala Isichelewe: Mwongozo Kamili wa Kutunza Mapigo ya Chipu

Kila ukiingia mwezi wa Shaabani simu yangu huanza kulia. "Assalaam alaykum fundi. Ile saa yetu imeshatangulia tena, na mfungo ndio huo unabisha hodi." Ni shekhe wa msikiti mmoja nje kidogo ya mji wa Wete, Pemba. Kwa miaka miwili jibu langu lilikuwa lile lile: "Waalaykum salaam shekhe, nakuja." Nikifika napanda ngazi, nabonyeza vitufe viwili, dakika zinarudi mahali pake, nakunywa kahawa kwa kashata, naaga. Mwezi ukipita, saa imetangulia vile vile.

Ilinichukua muda kukubali kwamba nilikuwa sirekebishi kitu. Saa ina mambo mawili: mahali ilipo sasa hivi, na mwendo wake. Mimi nilikuwa naisogeza mahali tu, mwendo sijaugusa. Yote yaliyomo humu chini ni ya kuugusa mwendo. Ni kwa fundi anayejua kulehemu, mwenye multimita, na aliyewahi kuandika programu ya maikrokontrola (kompyuta ndogo iliyomo ndani ya chipu moja), hata kama ni ya kuwasha taa na kuizima.

Mapigo yanatoka wapi

Chipu haijui wakati. Inahesabu mapigo tu. Ndani ya kile kidude cha fedha chenye umbo la mchele mna kipande cha kwatsi, jiwe la fuwele, kilichokatwa kama uma wa meza, na kikipewa umeme hutikisika mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo si ya bahati nasibu. Igawe kwa mbili mara 15 utapata moja kamili, yaani mpigo mmoja kwa sekunde, na kugawa kwa mbili ndiyo kazi rahisi kuliko zote kwa saketi ya kidijitali.

Kwa nini basi kwatsi iwe nje, isiwe ndani ya chipu? Kwa sababu kilicho rahisi kutengenezwa ndani ya silikoni ni rizista (hubana umeme) na kapasita (huhifadhi umeme kidogo), na hizo hubadilika kwa joto na kwa volti. Chukua ATmega328P, maikrokontrola ambayo wengi wetu tumeanzia kwayo. Kipigo chake cha ndani cha 8 MHz (mapigo milioni 8 kwa sekunde) kinaweza kupotoka hadi asilimia 10 kinapotoka kiwandani. Ukikaa nacho ukakirekebisha kwa rejista (kisanduku kidogo cha kumbukumbu ndani ya chipu) iitwayo OSCCAL unaweza kukifikisha asilimia 1. Asilimia moja inasikika ndogo, lakini siku ina sekunde 86,400, kwa hiyo ni sekunde 864: zaidi ya dakika 14 kwa siku. Bodi ya Arduino Uno nayo si salama kama inavyodhaniwa. Kinachoipigia chipu kuu ni kipande cha kauri, si kwatsi, na kauri ya namna hiyo huruhusiwa kupotoka nusu asilimia, ambayo ni dakika 7 kwa siku. Saa yangu ya kwanza niliijenga juu ya hesabu ya ndani ya Uno. Siku ya pili muadhini alinitazama kwa huruma.

Liko pia kosa la kudhani kwamba chipu yenye kasi ni chipu yenye usahihi. ESP32, maikrokontrola nyingine, ina kwatsi ya 40 MHz, na ndani yake kuna saketi inayoyazidisha mapigo hayo hadi 240 MHz. Lakini kuzidisha hakusahihishi: kwatsi ikipotoka sehemu 10 kwa milioni, zile 240 MHz nazo zitapotoka sehemu 10 kwa milioni. Ukiilaza chipu hiyo usingizi mzito ili kuokoa betri, kwa kawaida inahesabu muda kwa kipigo cha ndani cha kama 150 kHz kilichoundwa kwa rizista na kapasita, na hapo unarudi kwenye makosa ya dakika.

Ndani zaidi kuna tatizo jingine: mpigo hauvifikii vipande vyote vya chipu kwa wakati mmoja. Wabunifu hukata njia za mapigo kwa umbo la herufi H, kila tawi likigawika sawa na mwenzake, ili umbali uwe mmoja. Hayo ni mambo ya sehemu za bilioni za sekunde. Kwa saa ya ukutani hayatuhusu, nami nayaacha hapo.

Kipimo tutakachotumia ni sehemu kwa milioni, ambayo mafundi huandika ppm. Ishike hesabu hii kichwani: 1 ppm ni sekunde 0.0864 kwa siku, au kama sekunde 31 na nusu kwa mwaka. 20 ppm ni karibu sekunde 52 kwa mwezi.

Hatua ya 1: Fungua uone kuna nini

Tafuta chipu ya saa. Mara nyingi utakuta moja kati ya mbili. DS1307 ina pini nane, na pembeni yake kuna kwatsi. Hii haijui joto, na usahihi wake wote ni wa kwatsi uliyoipachika. DS3231 ni pana zaidi na kwatsi yake imo ndani. Hupima joto kila baada ya sekunde 64 na kujirekebisha yenyewe, na karatasi yake ya maelezo kutoka kiwandani inaahidi kosa lisilozidi 2 ppm kuanzia nyuzi 0 hadi 40. Mwisho wa jina usome vizuri, kwani ile yenye herufi M haina kwatsi bali kidude kidogo cha silikoni kinachotikisika, na ahadi yake ni 5 ppm.

Zote mbili huitika kwa anwani moja, 0x68 (0x mwanzoni au h mwishoni ni alama ya namba za msingi wa 16), kwa hiyo programu kuona chipu hakukuambii ni ipi. Soma rejista za 11h na 12h. DS3231 itakupa joto la chumba. Ikikupa upuuzi, una chipu nyingine au una ya bandia.

Kama hakuna chipu ya saa kabisa, angalia kama saa inahesabu umeme wa ukutani. Umeme wetu ni wa hezi 50, na ziko saa za kuchomeka zinazohesabu mizunguko hiyo. Jenereta ndogo ikienda hezi 52, saa ya namna hiyo itatangulia zaidi ya dakika mbili kila saa. Waliokuwa Unguja lile giza refu la Desemba 2009 hadi Machi 2010, wakaishi kwa jenereta miezi mitatu, wanaweza kukumbuka saa za kitandani zilizopoteza adabu. Saa hiyo usiihangaikie. Weka DS3231.

Hatua ya 2: Pima kabla hujagusa

Hapa ndipo mafundi wengi tunaporuka, mimi nikiwa wa kwanza. Hutajua mwendo kwa kuitazama saa mara moja. Unahitaji kuitazama mara mbili, na kati ya mara hizo zipite siku.

Njia ya mkono mtupu ni hii. Tafuta saa ya kuaminika: tovuti inayoonyesha sekunde kwa kulingana na seva za wakati, au kipokezi cha GPS. Saa ya simu yenyewe usiiamini bila kuilinganisha, maana iko simu inayochukua wakati wa mtandao ikawa nyuma sekunde kadhaa. Piga video moja inayoonyesha saa yako na saa ya kuaminika kwa pamoja, andika tofauti, kisha rudia baada ya siku 10. Jicho na kidole hukosea kama sekunde 0.3. Zikigawanywa kwa sekunde 864,000 za siku kumi, kosa lako la kupima ni kama 0.35 ppm tu. Subira inakupa usahihi ambao mashine ya bei kubwa ingekuuzia.

Mwenye haraka atumie moduli ya GPS kama NEO-6M. Ina pini inayotoa mpigo mmoja kila sekunde, sahihi kwa sehemu ndogo mno ya milioni ya sekunde. Kwenye DS3231 andika sifuri katika rejista ya 0Eh, na pini yake ya SQW nayo itaanza kutoa mpigo kila sekunde. Usisahau rizista ya kuvuta juu, inayounganisha pini hiyo na chanya, kilo-omu 4.7 inatosha. Maikrokontrola ipime muda uliopita kati ya mpigo wa GPS na mpigo wa chipu. Hata kama kipigo cha maikrokontrola ni kibovu kwa nusu asilimia, nusu asilimia ya milisekunde mia chache haimdhuru mtu.

Mfano. Jumatatu baada ya magharibi mpigo wa chipu unakuja milisekunde 3 baada ya ule wa GPS. Alhamisi wakati ule ule unakuja milisekunde 262 nyuma. Imepoteza 259 kwa siku tatu, sawa na 86 na kidogo kwa siku: chipu inachelewa kwa 1 ppm. Liandike daftarini pamoja na joto la siku hizo. Daftari, si kichwani.

Hatua ya 3: Uliza kosa linaelekea upande gani

Hili nililijua kwa kuchelewa, na ndilo lililotatua saa ya shekhe. Kwatsi ya 32,768 hukatwa ili iwe kwenye kilele chake karibu na nyuzi 25. Ikipoa inachelewa, na ikipata joto inachelewa pia. Kiasi chake ni kama 0.034 ppm ukizidisha kwa mraba wa tofauti ya joto. Kwa nyuzi 35, za alasiri ya kaskazi, inapoteza 3.4 ppm. Sanduku la plastiki jeusi lililobandikwa chini ya bati likifika nyuzi 55, tofauti ni 30, mraba wake 900, kwa hiyo kosa ni karibu 31 ppm: sekunde mbili na nusu na zaidi kwa siku.

Kwa hiyo saa ikichelewa zaidi wakati wa kaskazi na kutulia wakati wa kusi, mshuku joto. Lakini saa ya shekhe ilikuwa inatangulia, karibu dakika nzima kwa mwezi, na joto haliwezi kuifanya kwatsi hiyo ikimbie. Kinachoweza ni vitu vichache: kwatsi yenyewe kutoka kiwandani hivyo, kapasita kuwa ndogo kuliko inavyotaka, au kelele za umeme zinazoingia kwenye pini zake zikahesabiwa kama mapigo.

Niliichukua nyumbani. Siku saba namba zake zikiwa zimewaka, ilitangulia sekunde 14. Siku saba nyingine nikazima namba nikaacha chipu peke yake: sekunde 3. Mwizi akajulikana. Nyaya za taa, zinazowashwa na kuzimwa mamia ya mara kwa sekunde, zilipita chini kabisa ya kwatsi.

Hatua ya 4: Safisha ujirani wa kwatsi

Saketi ya kwatsi inaendeshwa kwa umeme mdogo sana, na mguso wowote unaisumbua. Iweke karibu na chipu kadiri inavyowezekana. Chini yake isipite njia yoyote yenye mapigo. Pawe na shaba iliyounganishwa na hasi, na shaba hiyo izungushwe kama ua wa makuti. Waya za taa, spika na transfoma zikae upande wa pili wa bodi.

Kapasita nazo zina hesabu yake. Kwatsi iliyoandikwa pikofaradi 12.5 (pikofaradi ni kipimo cha ukubwa wa kapasita) inataka ione jumla hiyo. Kapasita mbili zinazolingana zinaonekana kama nusu ya moja, na bodi yenyewe huongeza kama 3. Toa 3 kwenye 12.5, zidisha kwa mbili, unapata 19: tumia za 18. Zikiwa ndogo kuliko hapo saa itakimbia, zikiwa kubwa itachelewa. Ila hesabu hii si ya DS1307. Yenyewe ina kapasita ndani na inataka kwatsi ya 12.5 bila nyongeza. Nimeona bodi ambayo fundi aliongeza mbili za 22 kwa sababu kila mchoro aliouona una kapasita.

Halafu kuna chumvi. Visiwani hewa yenyewe ni mchuzi. Mabaki ya mafuta ya lehemu yakinyonya unyevu wa masika hupitisha umeme kidogo kati ya pini mbili za kwatsi, na kidogo hicho kinatosha kuichelewesha au kuisimamisha kabisa. Sugua kwa mswaki laini na spiriti isiyo na maji mengi, acha ikauke nusu siku mahali penye joto, kisha paka vanishi ya bodi za elektroniki pande zote mbili. Rangi ya kucha ya dukani inasaidia kwa dharura, lakini hupasuka. Usiipake ingali na unyevu, utakuwa umeifungia chumvi ndani ya nyumba.

Hatua ya 5: Betri

Moduli za DS3231 zinazouzwa sana huja na saketi ya kuchaji betri, huku nyingi zikiwekewa CR2032, ambayo haitakiwi kuchajiwa. Inavimba, wakati mwingine inavuja. Ng'oa rizista ndogo iliyoandikwa 201 na hatari imekwisha. Kisha angalia vishikio vya betri. Vikiwa na ukungu wa kijani, volti hufika zikiwa pungufu, na umeme wa ukutani ukikatika saa inaanza upya. Soma biti ya 7 ya rejista ya 0Fh kila programu inapowaka. Ikiwa 1, chipu inakiri kwamba ilisimama. Basi programu ionyeshe mistari badala ya saa ya uongo.

Hatua ya 6: Weka saa kwa mpigo, si kwa kitufe

Ukiandika rejista ya sekunde, chipu huanza kuihesabu sekunde hiyo upya tangu hapo. Tumia tabia hiyo. Kipokezi cha GPS hutoa mpigo kwanza, ndipo kinapotuma maandishi ya kusema mpigo uliopita ulikuwa saa ngapi. Ongeza sekunde moja, andaa data zote, subiri mpigo unaofuata, na ukigonga tu, andika. Anayesahau kuongeza hiyo moja hubaki nyuma sekunde nzima na hajui kwa nini.

Kipokezi kilicholala muda mrefu kiache dakika 15 angani pasipo na mnazi juu yake. Saa ya satelaiti iko mbele ya saa ya dunia, UTC, kwa sekunde 18 tangu Januari 2017, na kipokezi huenda kikasubiri mzunguko mzima wa dakika 12 na nusu kabla hakijapokea namba hiyo ya kupunguza.

Hatua ya 7: Gusa mwendo

DS3231 ina rejista ya 10h kwa kazi hii. Kila hatua moja ni kama 0.1 ppm. Namba chanya huchelewesha, namba hasi huharakisha. Kwenye mfano wetu chipu ilichelewa kwa 1 ppm, kwa hiyo tunataka hasi 10, ambayo kwa biti nane huandikwa 246, au 0xF6. Mabadiliko huanza kufanya kazi chipu itakapopima joto tena. Usiyaone mara moja ukadhani umekosea. Pima tena siku tatu. Ukikuta bado kuna tofauti, rekebisha nusu ya kilichobaki, usikifukuzie chote, kwani sehemu yake ni joto la wiki hiyo.

DS1307 haina rejista hiyo. Hapo programu ndiyo inayosahihisha: saa inayokimbia kwa 20 ppm hutangulia sekunde moja kila sekunde 50,000, kwa hiyo irudishe moja kila zikipita saa 13 na dakika 53. Inafanya kazi, lakini joto likibadilika hesabu imekwenda. Bei ya DS3231 madukani Kariakoo haifiki thamani ya usumbufu huo. Saa ya shekhe niliibadilisha chipu.

Hatua ya 8: Kabla hujailaumu chipu

Ndani ya programu tunza wakati wa dunia, UTC, na ubadilishe unapoonyesha tu. Afrika Mashariki ongeza 3, na hatubadilishi saa kwa majira. Wanaotaka namba za Kiswahili kwenye kioo watoe 3 badala ya kuongeza: UTC ya saa 9 ni saa 12 mchana ya kizungu, na ni saa 6 yetu. Tarehe ya Hijria igeuke magharibi, si usiku wa manane. Nimewahi kusahau hilo, na watoto wa madrasa ndio walionikumbusha.

Halafu majira ya swala. Dunia huzunguka digrii moja kwa dakika 4. Mji wa Zanzibar uko karibu na digrii 39.2 mashariki, Chake Chake karibu na 39.77. Jua linatufikia sisi wa Pemba zaidi ya dakika 2 mapema. Programu iliyoandikwa Unguja ikaletwa Wete bila kubadilishwa namba hizo itawachelewesha watu futari hata saa ikiwa sahihi kwa sehemu ya milioni. Nimeitwa mara tatu kutengeneza "saa mbovu" ambayo ubovu wake ulikuwa huo, na kazi ilikuwa kubadilisha namba mbili.

Ukifunga sanduku, bandika karatasi ndani ya kifuniko: tarehe, thamani uliyoandika kwenye rejista ya 10h, kosa ulilopima, na siku betri ilipobadilishwa. Kwatsi huzeeka, na huzeeka zaidi mwaka wake wa kwanza, kwa hiyo rudi baada ya mwaka upime tena. Kwa shekhe narudi kila Shaabani. Mara ya mwisho saa ilikuwa nyuma kwa sekunde 4 baada ya mwaka mzima, akaniuliza kama bado nataka kupanda ngazi au tunywe kahawa kwanza.